Goti la Boobie Miles na barua zisizoahidi kitu

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu, Kakuma 1, filamu ikiwa na mpira ndani yake watu hulipa shilingi 20 bila kuuliza jina. Ndivyo tulivyoingia mimi na mdogo wangu. Tulidhani ni mpira wetu, wa mguu. Kumbe ni ule wa Marekani, wa helmeti na mabega ya plastiki, ambao mpira wenyewe una umbo la papai na unashikwa kwa mikono. Nusu ya watu wakaanza kudai pesa zao. Dijei anayetafsiri, kijana mwenye mdomo kweli, akawatuliza: "Tulieni wazee, huyu jamaa mweusi ndiye stelingi, ako na mbio ya swala." Wakatulia.

Filamu yenyewe ni Friday Night Lights, yaani Taa za Ijumaa Usiku, iliyoongozwa na Peter Berg mwaka 2004. Nimeiona mara tatu sasa. Baadaye nikapata kitabu kilichoizaa, cha mwandishi wa habari H. G. Bissinger, kilichotoka mwaka 1990. Nilikikuta ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, jalada limeng'oka, nikakisoma na kamusi kwa miezi miwili. Ninachotaka kusema ni kifupi. Filamu na kitabu vinaeleza kijana mmoja na goti moja, lakini lawama havipeleki mahali pamoja. Filamu inalaumu bahati. Kitabu kinalaumu mji. Mimi nasema sisi wa kambi tusome kitabu, kwa sababu mji ule unafanana na sisi kuliko tunavyopenda kukubali.

Kwa ambaye hajaiona, habari ni hii. Odessa ni mji wa mafuta, magharibi ya Texas, tambarare na vumbi. Ukiionyesha Kakuma picha yake, mtu anaweza kuuliza ni upande gani wa laga. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka na mji ukaanguka nayo. Kitu kimoja tu hakikuanguka: timu ya shule ya sekondari ya Permian. Kila Ijumaa usiku watu walijaa kwenye uwanja wenye viti zaidi ya 19,000, kutazama wavulana wa miaka 17. Soma tena hesabu hiyo. Si timu ya taifa wala klabu ya kulipwa, ni watoto wa shule. Bissinger alihamia pale na familia yake akaifuata timu hiyo msimu mzima wa 1988.

Nyota wa timu alikuwa James Miles, wote walimwita Boobie. Kazi yake uwanjani ilikuwa kupokea mpira na kukimbia nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Alikuwa mweusi, alilelewa kwanza mikononi mwa watu baki, kisha mjomba wake L. V. akamchukua akawa baba na kocha wake. Matumaini yao yote wawili yalikuwa mahali pamoja: vyuo vikuu vitamwona, vitampa nafasi ya kusoma bure kwa sababu ya mpira, na baada ya chuo, timu za kulipwa. Barua za vyuo zilishaanza kuja.

Kabla msimu haujaanza, goti likaenda.

Sasa hapa ndipo filamu na kitabu vinaachana njia, na ukiacha kuangalia hapa umekosa kila kitu.

Katika filamu, Boobie anaumia kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Permian inaongoza kwa mbali, kocha amempumzisha, na mbadala wake anatakiwa kuingia. Mbadala hapati helmeti yake. Anaitafuta huku na huku, haionekani. Boobie anarudi uwanjani, anagongwa, goti linapasuka, na uwanja mzima unanyamaza. Kibandani kwetu pia watu walinyamaza. Hata dijei aliacha kusema. Ni tukio lililotengenezwa vizuri sana, na hiyo ndiyo shida yangu nalo. Helmeti! Maisha ya mtoto yameharibika kwa sababu ya helmeti iliyopotea. Ukitoka hapo unasema "bahati mbaya, Mungu amsaidie," unanunua chapati unaenda nyumbani.

Katika kitabu hakuna helmeti iliyopotea. Boobie aliumia kwenye mechi ya majaribio mjini Lubbock, siku ambazo matokeo hayahesabiwi popote. Hakukuwa na taa za Ijumaa wala uwanja mzima kushika pumzi. Timu ikapata mkimbiaji mwingine, akacheza vizuri, mji ukashangilia jina jipya. Ukurasa baada ya ukurasa unamtafuta Boobie na unamkuta pembeni zaidi kila mara, mpaka siku anaiacha timu kabisa. Kinachouma kwenye kitabu ni upesi wa watu kumsahau. Goti lenyewe linachukua nafasi ndogo.

Na kabla hawajamsahau, walimcheka. Bissinger anaandika bila kuficha jinsi wazungu wa mji ule walivyomsema kijana yule kwa tusi la rangi baada ya kuumia, na utani uliozunguka wa kumfananisha na farasi aliyevunjika mguu. Unajua farasi wa namna hiyo hufanyiwa nini. Mwezi mmoja nyuma hao hao walikuwa wakilitaja jina lake kwa kujivuna. Filamu imeliacha hili karibu lote. Rangi inaonekana kwenye ngozi za waigizaji, lakini historia yake haimo: kwamba Odessa iligawanywa na reli, weusi upande wa kusini, na kwamba shule zake zilichanganywa mwaka 1982 tu, tena kwa nguvu ya mahakama. Kwenye kitabu unaelewa kwamba mlango wa Permian kwa kijana mweusi kama Boobie ulikuwa mpana kwa mwenye mbio, lakini urafiki wenyewe haukuzidi msimu.

Nisiionee filamu. Derek Luke, anayemwigiza Boobie, anafanya kazi kubwa. Mwanzoni ni majivuno matupu, anaulizwa kuhusu alama za darasani anajibu kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Kisha kuna siku anakuja kutoa vitu vyake kwenye kabati la timu. Anatania wenzake, anacheka, anawaaga kama mtu anayekwenda likizo. Anaingia kwenye gari la mjomba, mlango unafungwa, na hapo analia. Anamwuliza mjomba atafanya nini sasa, kwa maana hajui kufanya kitu kingine chochote. Mjomba hana jibu, anamshika tu. Pale kibandani nilimwangalia mdogo wangu kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameinamia simu yake, na simu ilikuwa imezimwa.

Filamu ilikuwa na swali mkononi pale pale: kwa nini mtoto wa miaka 18, aliyekaa shuleni miaka yote hiyo, hajui kufanya kitu kingine? Ikaliacha. Ikarudi kwenye mechi. Ikaipeleka Permian mpaka fainali ya jimbo ndani ya uwanja mkubwa wa Houston, ikapoteza kwa hatua chache, machozi, muziki. Ukweli ni kwamba mwaka ule Permian ilitolewa kwenye nusu fainali na Dallas Carter. Filamu ilitaka hata kushindwa kuwe kukubwa.

Kitabu hakikuliacha swali. Bissinger alikwenda kwenye hesabu za shule, na hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa. Msimu ule wa 1988 shule ilitumia dola 70,000 kukodi ndege za kuipeleka timu kwenye mechi. Dawa na bandeji za timu: dola 6,750. Vifaa vya kufundishia vya idara nzima ya Kiingereza: dola 5,040. Yaani bandeji zilishinda vitabu. Na kitabu kinaonyesha wachezaji wakipita darasani bila kuulizwa mengi, mradi Ijumaa ifike.

Hapo lazima ujue sheria zilizokuwepo, maana filamu haielezi na dijei wetu hakujua. Texas tangu 1984 ilikuwa na sheria kwamba mwanafunzi akifeli somo hachezi kwa wiki sita. Na tangu 1986 shirika linalosimamia michezo ya vyuo, NCAA, lilitaka mchezaji anayeingia kwenye vyuo vikubwa awe na wastani wa 2.0 kati ya 4 katika masomo ya msingi, na angalau alama 700 kati ya 1,600 kwenye mtihani wa SAT, au 15 kwenye ule wa ACT. Asiyefika hapo hachezi mwaka wa kwanza. Kwa hiyo hata goti likiwa zima kama chuma, Boobie alikuwa na mlango mwingine mbele yake, na ule haufunguliwi kwa mbio. Watu wazima wote waliomzunguka waliujua mlango huo. Wangapi walikuwa wakimwandaa kwa huo?

Tena upana wa njia yenyewe ni mdogo. Wavulana karibu milioni moja hucheza mpira huo katika sekondari za Marekani. Wanaoendelea kuucheza kwenye vyuo vya NCAA ni kama saba katika kila mia, na wanaopata kusomeshwa bure kabisa ni wachache kuliko hao. Waliobaki wanarudi kwenye kile walichojifunza darasani, kama walijifunza.

Nije kwenye barua, kwa sababu naona hicho ndicho kitu cha ndani kabisa cha hadithi hii. Vyuo vilimwandikia Boobie. Barua nzuri, nembo juu, jina lake limeandikwa. Kijana huyu na mjomba wake walizisoma kama hati ya nyumba. Lakini barua ya namna ile haimfungi aliyeiandika. Chuo kinaweza kuandikia mamia ya vijana na kuchukua wachache. Wakati ule kilichofunga kilikuwa karatasi iliyotiwa saini mwezi wa Februari, mwaka wa mwisho wa sekondari. Kabla ya hapo ulikuwa na salamu tu. Goti lilipoharibika, habari zikaenea, na barua zikapungua. Baadaye alicheza kwenye chuo kidogo cha miaka miwili, si kwenye vile vyuo vilivyomwandikia.

Sisi tunaijua barua hiyo. Tunaijua kuliko mkaguzi yeyote wa vitabu wa New York. Nani hapa kambini hajawahi kuona mtu akiuza godoro lake kwa sababu aliitwa intavyuu ya pili? Nani hajasimama kwenye ubao wa matangazo akihesabu majina? Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna jirani zangu wenye mizigo iliyofungwa mpaka leo. Walipewa salamu nzuri, jina limeandikwa sawasawa, wakazisoma kama ahadi. Siwacheki. Mtu aliye na mlango mmoja tu hawezi kuambiwa asiutazame. Ila kama ni wewe uliyemwambia mtoto kwamba mlango ni mmoja, hilo ni jambo lingine.

Na hapa lazima niseme langu, la sivyo makala hii itakuwa ya mtu anayeonyesha wengine kidole.

Miaka sita nimefundisha timu ya vijana kwenye kiwanja cha karibu na laga. Mdogo wangu alikuwa mshambuliaji. Sisemi kwa kuwa ni ndugu. Watu walitoka mitaa mingine kuja kumwona. Mwaka alipokuwa kidato cha nne, muhula wa pili, ukaja uvumi kwamba mtu wa timu moja ya Nairobi atakuja kutazama mashindano yetu. Mashindano yakaangukia wiki za marudio ya hesabu na kemia. Akaja kwangu jioni, viatu mkononi.

"Yaya, mwalimu amesema asiyekuja kwenye marudio asimlaumu mtu."

Nikamwambia: "Hesabu itakungoja. Skauti hangoji."

Hayo ni maneno yangu, hakuna aliyeniwekea mdomoni. Mtaa mzima ulisema hivyo hivyo: mama muuza samaki, wazee wa karata, wote. Alicheza mechi tano, akafunga mabao saba. Skauti hakuja. Kama aliwahi kuwepo hata sijui. Mtihani ulipotoka, hesabu ilimwangusha na wastani wake ukashuka naye. Watu wa darasa lake waliopata alama za juu, wawili waliomba nafasi za WUSC, zile za kwenda kusoma Kanada kama wakimbizi, na mmoja aliondoka. Mdogo wangu leo anaendesha bodaboda ya mtu. Goti lake ni zima kabisa.

Hicho ndicho filamu haiwezi kunieleza. Ukifuata filamu, bila jeraha hakuna hadithi: mwenye goti zima atafika. Kitabu kinaniambia kwamba jeraha lilifichua tu kitu kilichokuwa tayari kimefanyika, polepole, na watu wenye nia njema, wakipiga makofi.

Kitabu nacho kina kasoro zake. Bissinger ni mgeni. Alikuja na daftari, akakaa mwaka mmoja, akaondoka, akaandika mambo ambayo wenyeji walikasirikia mpaka akatishiwa na kufuta safari ya kurudi kukitangaza. Sisi tumezoea watu wa daftari, tunajua wanavyokusikiliza pale tu unaposema kile walichokuja kukitafuta. Nilipokuwa nasoma nilitaka kumsikia Boobie kwenye siku ya kawaida, siku isiyo na mechi wala machozi. Anapika nini? Anaogopa nini usiku? Mara nyingi tunampata akijigamba au akianguka, na kati ya hapo wanasema wengine kwa niaba yake. Kwa haki, mwandishi hakumtupa. Waliendelea kuwasiliana, na mwaka 2012 Bissinger alitoa kijitabu kingine, After Friday Night Lights, kuhusu urafiki wao wa miaka yote hiyo. Kijitabu hicho sijakisoma. Mwenye nacho anitafute.

Kuna mwenzao mmoja kwenye timu ile, Brian Chavez, ambaye kitabu kinampa nafasi na filamu inampitia haraka. Alicheza kwa nguvu kama wenzake, na darasani alikuwa wa juu. Baada ya sekondari akaenda Harvard, na kilichompeleka ni kichwa chake. Ijumaa usiku alivaa jezi ile ile na Boobie. Simleti hapa ili niseme kwamba mpira ni mbaya na vitabu ni vizuri, hapana. Mpira umewaokoa vijana wangu wengi na mambo ya usiku. Namleta kwa sababu anavunja ule uongo niliomwambia mdogo wangu, kwamba lazima uchague. Ndani ya timu ile ile, mtoto mmoja alikuwa na milango miwili na mwingine alijengewa mmoja. Swali la mkaguzi wa kitabu hiki, na la kocha, na la yaya, ni nani alijenga.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Filamu iangalie, shilingi 20 haitakuuma, na lile tukio la ndani ya gari linatosha kuilipa. Ila usitoke pale na helmeti kichwani, yaani usiondoke ukiamini kwamba ni bahati. Kitabu ni kigumu, Kiingereza chake kina misemo ya Texas ambayo hata mwalimu wetu alikuna kichwa, na kuna kurasa za mechi ambazo unaweza kuziruka bila dhambi. Zile za hesabu za shule usiziruke.

Kiwanjani kwangu nimebadilisha kitu kimoja tu, kidogo. Mchezaji akija mazoezini, kabla ya kumwuliza mguu unaendeleaje, namwuliza wamefundishwa nini leo. Wananiona mzee amechoka. Wengine wananidanganya. Mmoja juzi alinieleza kuhusu pembetatu kwa dakika kumi, akichora kwenye mchanga kwa njumu, na tulichelewa kuanza.

Kuhusu mdogo wangu, nilimsomea makala hii kabla ya kuileta. Nilitaka aniruhusu, na pia nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa kuanza na hilo la pili. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Uliandika saba. Yalikuwa mabao nane, Yaya." Kisha akauliza kama kitabu bado kiko nyumbani. Sasa kiko kwake. Anasoma kurasa mbili kwa usiku, taa ya sola ikikubali, na kamusi yangu amekwenda nayo. Juzi amesema mwakani anataka kuurudia mtihani wa hesabu kama mtahiniwa wa nje. Sikumwambia kitu cha kumtia moyo, maana maneno yangu ya kutia moyo yameshamgharimu. Nilimwuliza ada ni kiasi gani.